NYAMA YA NYATI NA DAMU YA MTU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita



Katika likizo iliyopita niliulizwa swali nyumbani, nami sikuweza kulijibu. Kijana wa miaka 19, anayesomeshwa elimu ya viumbe na kemia kwa fedha za jamaa zake, akinyamaza mbele ya bibi yake asiyejua kusoma, lazima aone haya. Basi niliporudi shuleni nilifungua vitabu, nikawauliza walimu, nikamwuliza na mganga wa zahanati. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililolipata. Naomba nafasi katika gazeti letu kulieleza, kwa maana nadhani swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi, si kwetu tu.

Kwetu ni Nhica do Rovuma, wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Ni mahali pa maji na misitu. Kuna mto Ruvuma, kuna maziwa yenye samaki, kuna mabonde yanayofaa mpunga, na kuna pori ambamo tembo hupita. Twasema Kimakonde, Kimakwe na Kiswahili, na waliokwenda shule wanajua Kireno. Mwaka 2021, mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi, watu wengi wa wilaya yetu walikimbia makwao, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Ndiyo sababu mimi nasoma ng'ambo hii ya mto, kwa mjomba wangu. Wazee wetu wamekwisha kurudi mashambani, nami huvuka Kilambo kwenda kuwatazama shule zikifungwa.

Kitu kimoja ni adimu sana kwetu, nacho ni ng'ombe. Sababu kubwa ni mbung'o. Inzi huyu hunyonya damu ya wanyama na watu, na katika kuuma kwake hutia vijidudu viletavyo nagana kwa ng'ombe na malale kwa wanadamu. Jambo hili si jipya katika bonde la Ruvuma. Mwezi wa Machi mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani pamoja na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 kutoka Bara Hindi na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4. Alitaka kuona kama wanyama hao wangeweza kustahimili mbung'o. Akawapandisha kando ya Ruvuma, na wengi wao wakadhoofika na kufa njiani. Walakini hakuweza kujua hasa ni kitu gani kilichowaua, kwa kuwa wachungaji wao nao waliwatesa kwa mizigo na mapigo.

Lakini nyati wetu wa pori, ambaye wengine humwita mbogo, huumwa na mbung'o kila siku wala haonekani kuugua. Vijidudu vya nagana huweza kukaa katika damu yake bila ya kumwangusha. Wazee wetu waliliona jambo hilo kwa macho yao. Kwa hiyo husema kwamba nyati ni mnyama wa nguvu, na kwamba mtu akila nyama yake hupata damu ya nguvu kama yake.

Sasa nieleze lile swali. Dada yangu ni mjamzito. Alipokwenda kliniki kupimwa, aliambiwa kwamba damu yake ni pungufu. Akapewa vidonge vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, akaagizwa ameze kimoja kila siku. Alipovimeza siku chache moyo ukamchafuka, na choo chake kikawa cheusi. Akaogopa. Hakumwambia mtu. Alivifunga katika kitambaa, akaviweka chini ya mkeka.

Siku zile zile akapita mtu mwenye mzigo wa nyama kavu, akasema ni nyama ya nyati. Bibi yetu alifurahi sana. Akatoa kuku wawili waliokuwa wakitaga, akapewa vipande vya nyama ambavyo havikujaza sahani. Hakuna aliyemwuliza mtu yule nyati huyo aliuawa wapi, wala nani alimwua, wala kama aliuawa au alikutwa amekufa. Bibi akamwambia dada, "Mwanangu, kula hii. Vile vidonge viache." Kisha akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi wetu. Mwambie dada yako, kipi kinachotia damu, kidonge kinachomchafua moyo au nyama ya nyati?"

Mimi nikasema, "Bibi, nitauliza." Nikala nyama pamoja nao, na nakiri ilikuwa tamu.

Kwanza nilitaka kujua vitabu vyasema nini juu ya nyama hii. Nilipotafuta niliona kwamba watu wa Marekani pia wana mnyama wao wanayemsifu hivyo hivyo. Wao humwita nyati, lakini kwa kweli ni baisani, mnyama mwenye nundu kubwa na manyoya mengi mabegani. Yeye na nyati wetu wote ni wa jamaa ya ng'ombe, lakini ni wanyama mbalimbali. Siku hizi baisani hufugwa katika mashamba makubwa, na nyama yake huuzwa madukani kwa bei kubwa kuliko ya ng'ombe, kwa sababu ya sifa ya kuleta afya.

Sifa hiyo ina msingi. Katika gramu 100 za nyama mbichi ya baisani isiyo na shahamu mna protini gramu 21 au 22, mafuta kama gramu 2 tu, na kalori kama 110. Nyama ya ng'ombe ya kusaga, ile yenye mafuta sehemu 20 katika 100, ina kalori zipatazo 250. Nyama ya nyati wetu wa pori nayo ni kavu namna hiyo hiyo, maana mnyama anayetembea mchana na usiku kutafuta majani na maji, na kumkimbia simba, hapati nafasi ya kuweka shahamu. Mtu wa mjini anayekaa kitini kutwa, mwenye unene mwingi na ugonjwa wa moyo, akibadili nyama ya mafuta kwa nyama ya namna hii, hufaidika. Lakini tuseme kweli: mnofu wa ng'ombe aliyekonda, au wa mbuzi wa kijijini, haupitani sana na wa nyati kwa jambo hilo.

Na tujiulize, je, faida hiyo ni faida ya dada yangu? Dada yangu hana unene. Hula ugali wa mhogo na kisamvu, na akipata samaki hushukuru. Kukosa mafuta katika nyama si jambo la kumfaa yeye. Hapo ndipo nilipofahamu jambo la kwanza, kwamba chakula kile kile huweza kumfaa mtu huyu kwa sababu moja, na mtu yule kwa sababu nyingine. Mtu asiulize tu, "Chakula hiki kina faida gani?" Yafaa aulize pia, "Mlaji amepungukiwa na nini?"

Dada yangu amepungukiwa na chuma. Katika damu mna chembe nyekundu, na ndani ya chembe hizo mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho huchukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Himoglobini haiwezi kutengenezwa bila ya chuma. Chuma kikipungua, mtu huchoka upesi, hupumua kwa shida akipanda kilima, kichwa humzunguka, na ndani ya kope zake huwa peupe. Mjamzito hutengeneza damu kwa ajili yake mwenyewe, na mtoto naye huchukua chuma chake kutoka kwa mama. Mama mwenye damu pungufu, akitokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa, yumo hatarini kuliko mwenzake, kwa kuwa hana akiba. Kwa hiyo swali la bibi halikuwa swali la utamu wa kitoweo. Lilikuwa swali la uhai.

Hapa nyama ya nyati ina sifa ya kweli. Nyama ya baisani iliyookwa ina chuma kiasi cha miligramu 3 na nusu hivi katika kila gramu 100. Tena chuma cha nyama si sawa na chuma cha majani na nafaka. Katika chuma cha nyama, mwili huweza kuchukua kama robo yake. Katika chuma cha kisamvu, kunde au mtama, mara nyingi haupati hata sehemu moja katika kumi. Na nyama ina tabia nyingine njema: ikiliwa pamoja na kunde, hata ikiwa kidogo, huusaidia mwili kuchukua zaidi chuma cha kunde zenyewe. Pia nyama ina zinki, na ina vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea nayo ni ya lazima katika kutengeneza chembe za damu. Basi wazee waliosema kwamba nyama nyekundu hutia damu hawakusema uongo. Walijua matokeo kabla sisi hatujajua sababu.

Lakini baada ya kusoma hayo nilichukua kalamu nikapiga hesabu, na hesabu ndiyo iliyonipa jibu. Vitabu vyasema mjamzito apate chuma kiasi cha miligramu 27 kwa siku katika chakula chake. Ikiwa gramu 100 za nyama zina miligramu 3 na nusu, basi kupata 27 kwa nyama peke yake yampasa ale karibu gramu 800. Hata tukikumbuka kwamba chuma cha nyama huingia mwilini vyema zaidi, na tukapunguza kipimo hicho kwa nusu, bado ni gramu 400 kila siku ya Mungu, kwa miezi. Vipande vile alivyonunua bibi kwa kuku wawili viliisha kwa siku mbili, na tulivila watu sita. Kidonge kimoja, kwa kadiri ya Shirika la Afya Duniani, humpa mjamzito miligramu 30 mpaka 60 za chuma. Tena hesabu ya 27 ni ya mtu ambaye hajapungukiwa. Aliyekwisha kupungukiwa huhitaji zaidi, maana yampasa kulipa deni kwanza. Basi jibu la bibi ni hili: nyama ya nyati ni chakula chema, lakini dada asiache vidonge.

Liko na jambo la pili. Damu haipungui kwa chakula kibaya tu. Malaria huharibu chembe nyekundu. Minyoo ya safura hukaa tumboni na kunyonya damu siku zote. Mtu mwenye maradhi hayo akila nyama bila ya kutibiwa ni kama mtu atiaye maji katika mtungi uliotoboka. Ndiyo sababu kliniki humpa mjamzito chandarua, dawa ya kuzuia malaria, na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Na ndiyo sababu kutumia choo na kuvaa viatu shambani ni sehemu ya kutia damu, ingawa havionekani kuwa chakula.

Sasa niseme juu ya hatari, kwa maana bibi alisema pia kwamba mnyama asiyeugua hawezi kumwachia mtu maradhi. Hapo, kwa heshima zote, bibi alikosea. Nyati huweza kuonekana mzima naye ana maradhi ndani. Katika mbuga ya Kruger, Afrika Kusini, mwaka 1990 ilionekana kwamba nyati wana kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho huweza kumwambukiza mtu pia. Tena kuna maradhi yanayomshinda nyati mwenyewe. Mwaka 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Ziwa Nakuru, Kenya. Vijidudu vya kimeta hujifunika ganda gumu, wakaweza kukaa ardhini miaka mingi. Mtu hupata ugonjwa huo kwa kumchuna mnyama, kwa kushika ngozi yake, au kwa kula nyama yake. Kuianika nyama hakuwaui, na jiko la nyumbani si la kutumainiwa kuwaua wote. Kwa hiyo mnyama aliyekutwa amekufa porini asiguswe, wala asiliwe, hata kama njaa ni kubwa. Na mtu anapouza nyama kavu asiyoweza kueleza ilikotoka, hatujui kama ametuuzia chakula au ugonjwa. Sisi tulikula na hatukudhurika, lakini kuokoka kwa bahati si ushahidi kwamba hatukukosea.

Nyama ikiwa imekaguliwa na asili yake inajulikana, bado yataka kupikwa vizuri. Nyama ya nyati haina mafuta, hivyo ikibanikwa kwa moto mkali hukauka na kuwa ngumu kama ngozi, na huenda ndani ikabaki mbichi. Yafaa ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kwa moto wa polepole mpaka iive kabisa, kisha itiwe tui la nazi. Bibi aliipika kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na katika hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Wale wenye uwezo wa kula nyama kila siku nao wasikie. Mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani waliweka nyama nyekundu katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikasaidia kuleta ugonjwa huo, hasa wa utumbo. Washauri wa afya husema mtu asizidishe gramu 350 mpaka 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Nyama ya nyati na ya baisani ni nyama nyekundu vile vile. Kukosa kwake mafuta hakuitoi katika hesabu hiyo.

Jambo la mwisho juu ya nyama hii ni kwamba yaweza kwisha. Wenyeji wa nyika za Marekani waliishi kwa baisani vizazi vingi. Vipimo vilivyokusanywa na Franz Boas na wenzake mwishoni mwa karne ya 19 vyaonyesha kwamba wanaume wa makabila hayo walikuwa na urefu wa kadiri ya sentimita 172, nao walihesabika miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani wakati ule. Baisani walikuwa mamilioni kwa makumi. Wawindaji wa biashara ya ngozi wakawaua kwa bunduki, hata kufika mwaka 1890 hawakubaki wala elfu moja. Watoto wa makabila hayo waliozaliwa baada ya baisani kwisha walikuwa wafupi kuliko wazazi wao. Na nchini kwetu Msumbiji, mbuga ya Gorongosa ilikuwa na nyati zaidi ya 10,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vita vya mwaka 1977 hadi 1992 vilipopita, walibaki wachache wasiotimia mia, kwa kuwa watu wenye bunduki walihitaji nyama. Tangu mwaka 2006 nyati wengine wameletwa kutoka mahali pengine ili kuanza upya.

Kwa hiyo serikali zimeweka sheria. Msumbiji ina Sheria Namba 16 ya mwaka 2014 juu ya hifadhi, iliyorekebishwa mwaka 2017, na kuua mnyama wa pori bila kibali ni kosa kubwa. Tanzania nayo mwaka 2020 ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori, ili anayetaka nyama ya namna hiyo ainunue mahali palipopewa leseni, nyama ikiwa imekaguliwa. Kijiji kikitegemea nyama ya mwizi wa pori kitie damu kwa wajawazito wake, kimetegemea kitu cha hatari, cha ghali, na kisichodumu.

Mtu ataniuliza, "Basi tule nini sisi tusio na ng'ombe wala nyati?" Nami nilijiuliza hivyo hivyo, ndipo nikaona kwamba tunavyo vitu vingi. Katika maziwa yetu wamo kambale na perege. Dagaa huja kutoka pwani, na wakiliwa wazima na mifupa yao huleta chokaa ya mifupa pia. Samaki, kama nyama, huusaidia mwili kuchukua chuma cha kunde na mbaazi. Mbung'o wamezuia ng'ombe, lakini kuku hufugika kila nyumba, na mayai yake yana B12 na protini. Chungu cha mbaazi, konzi moja ya dagaa waliopondwa, na kipande cha limau kilichokamuliwa juu yake, hicho ni chakula cha kutia damu. Limau, embe na pera huusaidia mwili kuchukua chuma cha mimea. Chai hufanya kinyume chake, maana hukishika chuma kisiingie. Basi anayekunywa chai angoje saa moja au mbili baada ya kula, na vidonge asivimeze kwa chai.

Vidonge vyenyewe havina budi kuelezwa vizuri. Mganga wa zahanati aliniambia kwamba choo cheusi si ugonjwa, ni chuma ambacho mwili haukukichukua, nacho hutoka tu. Kichefuchefu hupungua mtu akimeza kidonge baada ya chakula cha usiku, akaenda kulala. Kikizidi, arudi kliniki aseme, apewe shauri jingine, wala asivifiche. Nilisikitika nilipofikiri kwamba dada yangu angeambiwa maneno hayo mawili siku ya kwanza, asingaliweka dawa yake chini ya mkeka.

Nilimpigia simu mjomba wangu aliyeko Nhica, naye akakaa na bibi na dada akawaeleza yote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi avimeze. Lakini nyama ya nyati ni nyama." Nami sina la kupinga, maana vitabu vyasema hivyo hivyo. Dada ameanza tena vidonge vyake, kila usiku baada ya kula. Alipopimwa mara ya pili damu ilikuwa imepanda kidogo. Bado hajajifungua, nasi tunangoja.

Bibi naye ameanza kufuga tena. Amepata koo mmoja, na mayai ya kwanza amemtengea dada. Nilipopiga hesabu niliona kwamba wale kuku wawili aliowatoa wangetaga mayai ya kumtosha dada kwa wiki nyingi, lakini sikumwambia, kwa kuwa alifanya kwa mapenzi.

Ndugu wasomaji, mkifunga shule na kwenda makwenu, waulizeni dada zenu na mama zenu wajawazito kama wamepewa vidonge, na kama wanavimeza. Ulizeni kwa upole, wala msiwaaibishe. Huenda vimefungwa katika kitambaa, navyo vinangoja mtu wa kueleza.